Somo la Kumi na Nne

Kabla sijaanza, nijibuni hili. Nina mtumishi. Nimemlisha mimi, nimemwogesha mimi, tumelala kitanda kimoja tangu nizaliwe. Siku moja nikampeleka shule. Aliporudi, nikimwita haitiki, nisipomwita anakwenda. Ni nani?

Fikirini taratibu. Mkishindwa msinipe mji. Mji ninao, ni huu wa Chilongwa, na ndio wenye matatizo. Jibu mtalikuta njiani.

*

Nilifika stesheni jua halijafika utosini. Kwenye sakafu ya kupandia treni walikuwa wamejipanga watu arobaini, wanawake kwa wanaume, kila mmoja amekunja nguo mkono wa kulia mpaka begani. Walikatazwa kuupaka mafuta mkono huo tangu jana yake, kwa hiyo kila mtu alikuwa na mkono mmoja unang'aa na mmoja umepauka kama wa mpiga tofali. Kwenye ule uliopauka walikuwa wameandikiwa namba kwa wino.

Kalunde, mtoto wa marehemu mwanangu, alikuwa wa kumi na saba. Mtoto wake wa miezi minane alikuwa amelala mgongoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umependeza upande mmoja. Ule mwingine nitamwachia mume wetu."

Siku nyingine angenijibu kwamba mume wetu ameshanichoka meno yalipokwisha. Siku hiyo hakucheka. Alijisogeza karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, leo usilete maneno humo ndani."

"Maneno gani?"

"Unayajua. Kila mtu hapa anayajua." Alitupa macho nyuma yake. Kweli, foleni nzima ilikuwa inanitazama, na hapakuwa na uso hata mmoja ulionikaribisha. "Weka dole lako, tuvae soksi za mkono, tuchukue bastola, turudi makwetu. Gari la bastola likiondoka leo halirudi mpaka masika yapite. Nitakaa kule kwenye mashamba ya umeme wa jua, mimi na huyu, na betri mia mbili nyuma ya nyumba, mpaka masika?"

"Sijasema nitakataa."

"Umevaa khanga ya msiba."

Nilijitazama. Kweli nilikuwa nimeivaa. Sikumbuki kuichagua.

Mwanamume mmoja nyuma yake, fundi baiskeli, mtu niliyemkanda mama yake siku aliyozaliwa, akasema bila kunitazama, "Mwambie bibi yako kwamba kule Nkwese walizika watu wanne juu ya yule mmoja waliyekwenda kumzika."

Hilo nalo nalijua. Waliowaua ni wavunaji; tunawaita hivyo kwa sababu hawalimi wala hawapandi, wanakuja na pikipiki zisizolia, wanavuna betri na kuondoka. Siku hizi wamegundua kwamba msibani watu wote wako mahali pamoja na nyumba ziko wazi. Huko Nkwese walikuja na khanga za rambirambi mabegani, wakajifanya wafiwa.

"Babu Mihayo alishakufa, bibi," Kalunde akasema, akimtaja kaka yangu. "Mimi bado."

Nilimpapasa mtoto kisigino, nikaingia ndani.

*

Kamati tulikuwa watatu, kwa sheria. Mwalimu wa darasa, mtu wa kampuni inayoleta masomo, na mzee mmoja wa kata aliyevuka miaka sitini. Huyo mzee ni mimi. Elimu yangu ni darasa la saba, lakini sheria haikuuliza darasa, iliuliza umri. Madole matatu yakigusa kibao cheusi kilichopo mezani, masomo yanaingia kwenye soksi. Yakigusa mawili, hayaingii.

Tulikaa kwenye ghala la mizigo. Mlangoni palikuwa na sanduku la chuma, na yeyote anayeingia kikaoni huacha silaha yake humo. Nilimwona Bwana Ndahani, mwalimu wa darasa, akiiacha yake. Aliitoa kiunoni kwa mkono wa kushoto, kwa shida, kama mtu anayejikuna mgongo.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kiunoni kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Kila anapokwenda penye watu hujifunga hivyo. Chai anakunywa kwa kushoto, ugali anakula kwa kushoto, na watu wa Chilongwa walishaacha kumcheka.

Ndahani ni Mgogo, mimi ni Mnyamwezi. Zamani angeniona mlangoni angeuliza, "Nani amemfungulia huyu mpagazi? Tua mzigo nje, unaleta vumbi." Nami ningemjibu kwamba vumbi nimelikuta kwao, nimelirudisha kwa wenyewe. Ndivyo tulivyoishi, wajukuu, babu na babu. Kufiwa kwao ilikuwa kazi yetu, kufiwa kwetu ilikuwa kazi yao. Mtani ndiye anayemfanya mfiwa acheke kabla udongo haujakauka.

Siku hiyo alisema, "Karibu, Bibi Nyamizi," kama karani wa benki.

"Asante, Bwana Ndahani," nikamjibu vilevile.

Wa tatu alikuwa Bi. Eliaika, dada wa makamo kutoka mjini, miwani kwenye ncha ya pua, sauti laini. Alikuwa amezitandika zile soksi mezani. Ukiziona huwezi kuziogopa. Nyeusi, nyembamba kama utando wa buibui, ndefu mpaka kwenye kiwiko.

"Bibi, tusikuchoshe," akasema. "Masomo ni ishirini na mawili. Yote umeshayaona miaka minne iliyopita. Hakuna jipya. Tunahitaji dole tu."

"Nataka kuyaona tena."

"Yote?"

"La kumi na nne."

Ndahani aliweka kikombe chini.

*

Likaonyeshwa ukutani. Majani ya kijani yaliyokatwa sawasawa kama kichwa cha mwanajeshi. Watu wamevaa nguo nyeusi, wamesimama kimya, miamvuli juu. Jeneza linang'aa. Kisha upande wa kushoto anatokea mtu anakimbia, koti limempwaya, mkono mmoja ndani ya koti, anapiga kelele. Picha inaganda hapo. Duara jekundu linamzunguka. Hapo ndipo mkono unapofundishwa: mpige huyu.

Nawaambia kosa letu, na ni letu kweli, maana dole langu lilikuwepo. Miaka minne iliyopita tulikaa kwenye ghala hilihili tukaitazama picha hiyohiyo. Nakumbuka nilichouliza. Niliuliza, mbona hawa hawapiki msibani? Ndahani akasema labda wamefiwa na mtu mchoyo. Tukacheka, tukaweka madole. Hatukujiona pale. Nani angejiona? Hapakuwa na hata mmoja anayecheka. Tuliona jambazi tu.

Miezi mitano baadaye baba yake Ndahani akafariki, mzee wa reli. Kaka yangu Mihayo akaamka mapema kwenda kufanya kazi yake ya utani. Alijipaka majivu uso mzima. Aliiba koti la kaki la marehemu kwenye kamba, akalivaa. Akachomeka mwiko ndani ya koti, umetokeza kama mtutu. Jeneza lilipotoka mlangoni akaja anakimbia kutoka nyuma ya nyumba, anapiga kelele, "Hazikwi mtu hapa. Mrudisheni ndani. Asubuhi hii hajaniamkia."

Risasi zilikuwa tatu. Mwiko ulikatika vipande viwili.

Hakimu alisema mkono wa Ndahani ulifanya kama ulivyofundishwa, na waliouchagulia mafundisho ni kamati, na kamati ilifuata sheria. Kwa hiyo hapakuwa na wa kufungwa. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nyuma. Nilisimama nikamwuliza Ndahani swali moja: ulimjua? Hakimu akaniambia nikae. Nikakaa. Miaka mitatu nimekaa.

Darasa likasimamishwa. Watani wakaacha kwenda misibani, wa huku na wa kule. Watu wanazikana siku hizi Chilongwa kama wale wa kwenye picha.

*

"Toeni hilo moja," nikasema. "Yale ishirini na moja nayawekea dole sasa hivi."

Bi. Eliaika alivua miwani. "Bibi, ingekuwa rahisi hivyo ningelitoa mwenyewe. Haya masomo yamesukwa kama mkeka. La kumi na nne ndilo linaloufundisha mkono kufanya kazi penye watu wengi. Ukilichomoa, yote yaliyosukwa juu yake yanalegea. Mkono unaanza kungoja jicho, na jicho linangoja akili. Inakuwa nusu sekunde zaidi."

"Nusu sekunde ni nini?"

"Watu wa Nkwese walikuwa na bastola, bibi. Wawili walikuwa nazo kiunoni. Hawakuwa na soksi. Nusu sekunde ni Nkwese."

"Mwambie na kisima," Ndahani akasema. Ilikuwa mara ya kwanza anafungua mdomo tangu picha iishe.

"Kisima nakijua."

"Hujui. Ulisimuliwa." Aligeuka kunitazama. "Walikuwa wavunaji watano, sisi kumi na mmoja na ndoo mikononi. Wa tatu kwenye foleni ya maji alikuwa Kalunde, tumbo hili hapa. Mkono huu unaoutazama kama nyoka, Bibi Nyamizi, ndio uliokupa kitukuu. Nikisema ungoje nusu sekunde, nani ungemtoa? Nitajie jina. Wewe si unapenda kuuliza maswali?"

Mpaka leo nikimwogesha yule mtoto nauona ule mkono.

"Na nani ungemtoa wewe?" nikamwuliza. "Mihayo?"

"Tusirudi huko," Bi. Eliaika akasema haraka.

"Hatujawahi kutoka huko, mwanangu."

Alivuta karatasi. "Sikilizeni. Hili limechunguzwa. Ndani ya soksi kuna kinga ya sura. Jicho likimtambua mtu unayemfahamu, mkono unatulia. Imejaribiwa mara elfu. Marehemu alikuwa amejipaka majivu uso mzima, ndivyo polisi walivyoandika. Bwana Ndahani hakumtambua. Kosa halikuwa la somo, lilikuwa la majivu. Kwa hiyo tumependekeza utaratibu mdogo." Akasoma: "Watani wafike msibani nyuso zao zikiwa zimenawa. Wasikimbie. Wasivae nguo za marehemu. Wavae kitambulisho kifuani."

"Na fomu ya kuomba ruhusa ya kutukana?"

"Bibi."

"Inajazwa na nani, mtani au maiti?"

Nilimwona Ndahani anatazama chini, ndani ya kikombe. Bi. Eliaika alikunja karatasi yake. "Huko nje kuna watu arobaini. Wewe unafanya mzaha."

"Ndiyo kazi yangu. Nimekatazwa miaka mitatu."

*

Niliomba nivae soksi. Hakupenda, lakini sheria ilinipa haki hiyo. Akanivalisha mwenyewe, kwa upole, akipita polepole kwenye vidole vyangu vilivyopinda.

"Dakika kumi tu," akasema. "Somo la tatu, la chupa. Ukiivua, kesho litakuwa limefutika. Wale wa nje watakaa nayo siku tatu, hapo halifutiki tena."

Ilikuwa ya moto kidogo, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Kisha ikaanza kutembea. Siwezi kuwaelezea vizuri. Ni kama mtu amekaa nyuma yako, ameingiza mkono wake ndani ya mkono wako kama unavyomwongoza mtoto kuandika a, e, i. Haikuniambia kitu kichwani. Kichwa ilikiacha nje, kama mgeni asiyehusika. Ilikuwa inasema na mshipa.

Dakika kumi zikaisha. Akanichomekea bastola ya mti kwenye mkanda, ndani ya khanga. Akasimama pembeni, chupa ya maji mkononi. "Nitairusha wakati wowote," akasema. "Wewe usifanye lolote."

Nikaamua nisifanye lolote. Niliamua kabisa. Nikashika kwa mkono wa kushoto ukingo wa meza.

Sikuiona chupa ikiruka. Nilichoona ni mkono wangu mbele yangu, umenyooka, ule ambao tangu kipupwe unashindwa kufunga kifungo cha gauni, umeshika ile bastola ya mti imara kama wa msichana, na ncha inaifuata chupa mpaka chini. Nilikuwa bado naamua kutouinua.

Sasa mmelipata jibu la kile nilichowatega mwanzo. Ndiye huyo. Nilimvua soksi nikamtazama, akawa mzee tena, kama hakuwa yeye.

"Umeona?" Bi. Eliaika akasema, na nadhani alitaka nifurahi. "Kalunde atakuwa na huo. Maisha yake yote."

"Na ile kinga ya sura, niionyeshe."

"Haionyeshwi kwa dakika kumi. Hiyo inakuja siku ya tatu."

"Basi aliyevaa siku tatu Chilongwa nzima amebaki mmoja." Wale wengine watano wa darasa la kwanza walishahama. Niligeuza kiti changu kikaelekea alipokaa Ndahani. "Tumalize, Bwana Ndahani. Swali langu ni lilelile. Ukisema hukumjua, kaka yangu aliuawa na majivu. Naweka dole papo hapo, na msiba wa kwanza utakaotokea mimi nitakuwa wa kwanza kunawa uso na kuvaa kitambulisho. Ukisema ulimjua, basi hakuna kinga. Kutakuwa na mikono arobaini mtaani isiyomjua mama wala mtani, na mmoja wa mjukuu wangu. Hapo siweki dole hata mkinikata nalo."

Nje mtoto wa Kalunde alikuwa ameamka, analia.

"Nenda nyumbani, Bibi Nyamizi," Ndahani akasema. "Dole lako lilikuwepo hata mara ile ya kwanza. Unatafuta mtu wa kubeba na wewe."

"Ndiyo. Natafuta."

"Sina la kukuambia."

"Bwana Ndahani," Bi. Eliaika akasema, "ni neno moja tu. Polisi uliwaambia."

"Polisi hawakuniuliza. Waliandika wenyewe. Niliweka sahihi."

Akainua kikombe, akakikuta kitupu, akakiweka chini.

*

Pale ghalani, kwenye kona, palikuwa na jiko la mkaa lililochemsha chai. Na msumarini juu yake lilikuwa limetundikwa koti la kaki la mpiga kengele wa stesheni, mavazi ya reli, vifungo vya shaba. Koti kama lile alilovaa Mihayo.

Sikupanga. Nawaambia ukweli. Nilinyanyuka kwenda kumwaga maji niliyokuwa nakunywa, macho yakatua pale, na goti likasahau kuuma. Nilichota majivu pembeni ya jiko, ya uvuguvugu, nikajipaka mashavu, paji la uso, kidevu. Nikalishusha koti, nikalivaa juu ya khanga. Mwiko sikuwa nao. Nikachukua ile bastola ya mti, nikaisokomeza ndani ya koti.

"Bibi, unafanya nini?" Bi. Eliaika akauliza.

Ndahani alikuwa amegeukia dirisha. Nilisogea mpaka ukutani, nikapata nafasi ya kukimbia, kama hatua kumi. Miaka sabini na moja, hatua kumi ni safari.

Nikakimbia. Nikapiga kelele mpaka mabati yakaitika:

"Hazikwi mtu hapa. Mrudisheni ndani. Mgogo huyu asubuhi hii hajaniamkia."

Aligeuka. Ule ukanda wa tyubu ulivutika, ukalia kama mbuzi, ukakatika, na mkono ukatoka. Bastola ilikuwa kwenye sanduku mlangoni, nimeiona ikifungiwa kwa macho yangu, lakini mkono haukuwa na habari hiyo. Uligusa kiuno, ukashika hewa, ukanyooka mpaka kifuani pangu. Kidole kikavuta. Kikavuta tena. Kikavuta tena.

Mimi nilikuwa nimesimama, natweta, ncha ya kidole inagusa kifungo cha koti. Nilimtazama machoni. Macho yalikuwa yananitazama mimi, Nyamizi binti Kapela, mpagazi, hayakumtafuta mtu mwingine. Pembe ya mdomo wake ilikuwa imepanda juu kidogo. Kisha ikashuka.

Kalamu ya Bi. Eliaika ilibingirika mezani, ikaanguka, na hakuinama kuiokota. Alikuwa anautazama ule mkono, halafu uso wa Ndahani, halafu mkono, kama mtu anayesoma barua mbili zisizokubaliana.

Nje Kalunde akagonga bati. "Bibi? Mmemaliza?"

Ndahani alichukua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaushusha taratibu, kama unavyomkalisha mtoto aliyekosa mbele ya wageni. Akakaa. Kibao cheusi kilikuwa katikati ya meza kimewaka alama mbili za kijani, dole lake na la Bi. Eliaika, na nafasi ya tatu tupu.

"Nitakuuliza mara ya mwisho," nikasema. Majivu yalikuwa yameniingia mdomoni. "Sitakuuliza tena mpaka nife, na nikifa uje unicheke au usije. Ulimjua?"

Alinisogezea kiti kwa mkono wa kushoto.

"Kaa kwanza, mtani," akasema.

Miaka mitatu sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake. Nikakaa.

"Nilimjua kabla hajafika kwenye mwarobaini," akasema. "Ule mguu wake wa kushoto, aliokuwa anauburuta. Nikaona koti la baba. Nikasema moyoni, leo nimekwisha, leo Mihayo atanitukana mpaka nisahau kulia." Alikuwa anasema na mkono wake, si nami. "Ulipotoka mlio wa kwanza, mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka."